Nilivyowasha kibao cha duka kwa waya wa EL na betri ya sola, Kigoma

Kibao ni cha kibanda kimoja hapa mtaa wa Mwanga kinachofunguliwa jioni. Neno ni moja tu, WAZI, lililochorwa kwa waya wa EL (waya mwembamba unaong'aa urefu wake wote), herufi za sentimita 20 juu ya plaiwudi iliyopakwa rangi nyeusi isiyong'aa. Nilipima mistari kwa uzi kabla ya kukata chochote: W ilichukua sentimita 80, A 50, Z 55 na I 20. Nikaongeza 45 za sehemu zinazopita nyuma ya ubao na 50 za kufika kwenye inveta, kifaa cha kugeuza umeme wa betri. Jumla mita 3.

Waya wa EL wenyewe niliagiza Dar, unene wa milimita 2.3, rangi ya bluu-kijani. Rangi hiyo ndiyo inayoonekana vizuri kuliko zote, maana fosfa, unga unaong'aa ndani ya waya, yenyewe hung'aa hivyo; nyekundu na nyinginezo hupatikana kwa ganda la nje lenye rangi, na nyekundu hufifia sana.

Jambo la kuelewa kabla ya yote: waya huu ni kapasita ndefu, yaani metali mbili zinazokaa karibu bila kugusana. Katikati kuna shaba iliyopakwa fosfa, juu yake zimezungushwa nyaya mbili nyembamba kama nywele, kisha maganda mawili ya plastiki. Umeme haupiti kutoka shaba kwenda kwenye hizo nywele. Fosfa hung'aa kwa sababu umeme unageuka-geuka. Ndiyo maana ukiufunga moja kwa moja kwenye betri hauwaki. Unahitaji inveta ndogo inayotoa AC, yaani umeme unaogeuka-geuka, ya volti 100 hivi, kwa frikwensi ya hezi 1,000 hadi 2,000.

Inveta hizo ndogo hutegemea waya kama sehemu ya sakiti yake. Waya ukiwa mrefu kupita kipimo, mwanga hufifia. Ukiwa mfupi mno, frikwensi na volti hupanda, waya unang'aa vizuri sana lakini fosfa inachakaa upesi. Na ukiiwasha bila waya kabisa, volti zinaruka na transista inaweza kuungua. Inveta yangu ya kwanza ilikufa hivyo hivyo, niliijaribu kama ninavyojaribu adapta. Sasa nafunga waya kwanza, swichi baadaye. Ya pili ni ya volti 12, imeandikwa mita 1 hadi 5, kwa hiyo mita 3 zinakaa katikati pazuri.

Kuunga ndiko kunakotaka utulivu. Nilivua ganda la nje kisha la ndani, sentimita 2.5, kwa wembe, nikiuzungusha waya taratibu bila kukandamiza, kwa sababu zile nywele ziko chini tu ya ganda la ndani. Nikazikunja nyuma zote mbili, nikakwangua fosfa nyeupe kwenye shaba kama sentimita 1 mpaka ikang'aa. Nywele peke yake zinakatika ukizigusa, kwa hiyo nilizungusha utepe wa shaba juu ya ganda, nikazilalisha hapo na kuzilehemu kwa risasi kidogo, moto wa sekunde mbili tu, kisha waya mmoja wa inveta juu ya utepe huo. Waya wa pili ukaenda kwenye shaba ya katikati. Kila kiungo mpira wake wa kusinyaa kwa moto, na mpira mmoja mpana juu ya vyote ili kiungo kisipinde.

Mwisho wa pili nilikata nywele zirudi nyuma milimita 3, zisiguse shaba, nikaziba kwa gundi ya moto na mpira. Msitumie silikoni inayonuka siki, inakula shaba. Na msiache mwisho wazi hata siku moja: unyevu wa ziwa unaingia hapo, na giza huanzia mwishoni na kupanda kidogo kidogo.

Kwenye ubao nilishona kwa mshipi wa nailoni wa kuvulia, ambao hapa hauna shida kupatikana, kila baada ya sentimita 3. Hauonekani usiku na unaweza kufunguliwa. Kona za W na Z niliupinda waya kuzunguka kalamu ya wino. Ukiukunja kama karatasi nywele zote mbili zinakatika, na kila kilicho mbele ya hapo kinazima.

Mita yenye kipimo cha kapasita inakuambia karibu kila kitu. Pima waya mzima, andika namba. Ukikata mita 5 kuwa 3, usomaji ushuke hadi sehemu tatu kati ya tano. Ukishuka zaidi, nywele zimekatika njiani. Kipimo cha omu kikionyesha kuwa shaba na nywele zinagusana, angalia mwisho uliokatwa.

Betri ni ya volti 12, Ah (ampea-saa) 7. Mita yangu ilisoma miliampea 60 hivi kwenye upande wa betri, maana yake saa tano za jioni hazifiki hata Ah 0.5. Nimeweka fyuzi ya ampea 0.5 karibu na betri, na kibao huwashwa baada ya jua kuzama, wakati paneli haichaji na volti za betri hazijapanda. Pawabenki niliijaribu na inveta ya volti 5. Inajizima yenyewe kwa sababu mkondo ni mdogo mno.

Inveta inapiga mluzi mwembamba na kuingilia redio ya AM. Nimeiweka ndani ya boksi la plastiki juu ya kipande cha sponji, mbali na redio, viungo vyote ndani pamoja nayo. Mkondo ni mdogo lakini volti zake zinauma, na watoto hugusa. Zima swichi, subiri kidogo, ndipo ushike. Asubuhi kibao kinaingizwa ndani, jua la mchana linachakaza waya, na hata hivyo mchana mwanga wake hauonekani.