Shimo la Njoro lililotua Somalia

Saa kumi na mbili asubuhi. Stima ipo, chai iko moto. Wenzangu walimaliza kuchimba mabaki ya kale kitambo. Mimi nimeachiwa madaftari manne yenye vumbi na jedwali la vigae, mifupa na mawe. Niyasafishe yote yawekwe mtandaoni, yeyote ayapakue bure.

Saa mbili. Jiwe moja limeandikwa kwa majina manne: “obsidiani”, “obs.”, “jiwe jeusi”, “kioo”. Aliyeandika alijielewa. Kompyuta inahesabu mawe manne. Natengeneza kamusi ndogo ya kuambatana na data, neno moja maana moja, vipimo vyote kwa milimita.

Saa nne. Kusema kweli, sehemu kubwa ya siku iliishia hapa. Natandaza mashimo juu ya picha ya setilaiti, na shimo la tatu linatua kwenye mahindi ya watu, kama mita 300 kaskazini ya pale tulipochimba. Kumbe namba zilitolewa kwenye ramani za zamani zinazofuata Arc 1960, mfumo wa zamani wa kupima mahali, nami nimezisoma kwa WGS84, ule wa GPS. Halafu kuna lile la kanda, yaani vipande vya digrii sita ambavyo ramani hugawa dunia, na namba za kila kanda huanza upya. Mstari wa digrii 36 mashariki unapita kati ya Nakuru mjini na Njoro: mji uko kanda ya 37, Njoro kanda ya 36, na hakuna daftari lililotaja kanda. Nikaliweka shimo la Njoro kwenye 37, likaruka hadi Somalia, upande wa Kismayo. Nilicheka peke yangu, kisha nikaacha kucheka, maana mtu wa mbali angeliamini.

Saa saba, githeri mkononi, nampigia mzee aliyesimamia vibarua.

“Shikamoo mzee. Daftari linasema shimo la tatu liko mita 12 kutoka mti mkubwa. Mti upi?”

“Marahaba. Ule mgunga? Ulishakatwa, mwanangu. Lakini yale mawe mawili yaliyosimama bado yapo. Pima kutoka hapo, hatua nane.”

Saa tisa. Makaburi. Profesa anataka kila kitu wazi. Mimi nakataa kwa heshima. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 inasema vitu vya kale ni mali ya serikali, ila mwizi haisomi. Tunakubaliana: kwenye makaburi, digrii zibaki na desimali moja, yaani kosa la kilomita kadhaa, na namba kamili zihifadhiwe makavazini kwa wenye kibali.

Tarehe za mkaa, yaani umri uliopimwa maabara kwa kaboni, hazikunichukua muda. Naacha namba ya maabara na miaka ghafi, ile inayohesabiwa nyuma kutoka 1950, ili mwingine aweze kurekebisha upya.

Saa moja usiku faili zinapanda Zenodo, hifadhi ya data ya utafiti mtandaoni, kwa leseni ya CC BY: yeyote azitumie, mradi amtaje mwenyewe. Kabla ya kufunga, kwenye maelezo ya shimo la tatu naongeza: “Mti mkubwa ulikuwa mgunga, umekatwa. Pima kutoka mawe mawili, hatua nane, kwa maelezo ya msimamizi.”