Ninavyovuka Baridi Nikiwa Shabiki wa Pirates

Timu yangu haichezi Oktoba. Ni Pittsburgh Pirates, ya ligi kuu ya besiboli ya Marekani; mara ya mwisho kuingia mtoano, unaochezwa Oktoba, ilikuwa 2015, na ubingwa wake wa mwisho ni wa 1979. Kwa hiyo mwaka 2025, wenzetu wa Los Angeles na Toronto walipokuwa wanakesha na fainali, sisi huku tulishaingia zamani kwenye msimu wa maneno: nani apewe tuzo, kocha gani abaki, kijana gani wa ligi ndogo apandishwe. Msimu huo ni mrefu. Unaanza mwisho wa Septemba na haukatiki mpaka Machi inaishia.

Mimi ni mtu wa Tanga, na damu yangu ni Coastal Union, timu iliyochukua ubingwa wa Bara 1988 na tangu hapo inatufundisha subira. Nilipohamia Pittsburgh sikupata tabu kuipenda Pirates, maana mafunzo nilishayapata nyumbani. Kilichonipa tabu ni hiyo miezi isiyo na mechi. Nafanya kazi zamu ya usiku, redio inaongea mpaka alfajiri, na kila jina linalotajwa ni nyota wa kesho, kila kocha mpya ndiye tuliyekuwa tunamngoja. Ukiyabeba yote hayo, Machi unaanza msimu umeshachoka.

Njia niliyoipata ni ya kawaida sana. Nina daftari la shule, lile la mistari, na kila habari inayonigusa naiandika humo pamoja na swali moja: hili litatuletea pointi? Nasema pointi kwa maana ya mchezaji wetu kuzunguka besi zote nne na kurudi alikoanzia. Kila timu na ugonjwa wake, na wa kwetu unajulikana. Warushaji, wale wanaomrushia mpigaji wa wapinzani mpira, tunao. Mwaka 2025 tulikuwa wa mwisho katika ligi nzima kwa kufunga pointi, na wa mwisho pia kwa homurani, yaani mipira inayopigwa ikavuka ukuta wa uwanja. Habari isiyogusa ugonjwa huo naifurahia, lakini kwenye daftari haipati alama.

Chukua tuzo. Novemba 2025 Paul Skenes, mrushaji wetu, alipewa tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora wa National League, moja ya ligi mbili zinazounda ligi kuu. Wapiga kura ni waandishi 30, wawili kutoka kila mji wenye timu katika ligi hiyo, na wanapiga kura kabla mtoano haujaanza. Kila mmoja anaandika majina matano. Wa kwanza anapata alama 7, wa pili 4, kisha 3, 2 na 1. Waandishi wote 30 walimweka Skenes wa kwanza. Alama 210 kati ya 210. Mara ya mwisho mrushaji wa Pirates kuipata tuzo hii ilikuwa 1990, Doug Drabek. Usiku ule kazini nilipiga kelele mpaka msimamizi akaja kuangalia kama kuna mtu ameumia.

Kisha nikamtumia shemeji yangu habari. Yeye yuko Mtwara, ni Yanga wa kufa, na besiboli anaijua kwa kunisikiliza mimi tu. Akanijibu kwa sauti, anacheka: "Shemeji, nimeona hapa kashinda kumi kapoteza kumi. Sasa huyo bora wa nini?"

Ndilo swali lenyewe. Skenes alimaliza msimu na rekodi ya 10 kwa 10, yaani mechi kumi za ushindi na kumi za kupoteza zilizoandikwa kwa jina lake, huku akiruhusu wastani wa pointi 1.97 kwa kila vipindi tisa, yaani mechi nzima, na kuwatoa wapigaji 216 kwa straiki tatu, bila wao kuupiga mpira ukaingia uwanjani. Mrushaji wa kawaida anayeruhusu pointi nne anahesabiwa mtu wa maana. Huyu haruhusu hata mbili, na bado nusu ya mechi zilizoandikwa kwa jina lake zilipotea. Jacob deGrom alichukua tuzo hii 2018 akiwa na 10 kwa 9, na Félix Hernández 2010 akiwa na 13 kwa 12, na enzi hizo watu walishangaa. Wetu hakuwa na hata ushindi mmoja zaidi ya mechi alizopoteza.

Nilimweleza shemeji kwa mechi moja, ya Mei 18, 2025, kule Philadelphia. Skenes alirusha peke yake mechi nzima. Vipindi vinane, mipira mitatu tu iliyopigwa salama, yaani mpigaji akafika besi, wapigaji tisa akawatoa kwa straiki, pointi moja akairuhusu. Kipindi cha tisa hakurusha kwa sababu wenyeji walikuwa wanaongoza, na mwenyeji anayeongoza hahitaji kupiga tena. Walikuwa wanaongoza moja bila. Wapigaji wetu walipewa vipindi tisa kutafuta pointi moja na hawakuiona. Skenes akaandikiwa kupoteza. Kwenye daftari, ukurasa wa siku ile nimeandika "0" kubwa na kuizungushia duara. Sikuwa na la kuongeza.

Na kuna hesabu nyingine inayonikera zaidi. 2024 Skenes alichukua tuzo ya mchezaji mpya bora, timu ikashinda mechi 76. 2025 akachukua Cy Young, timu ikashinda 71. Kabati la tuzo linajaa huku ushindi unapungua. Ndiyo maana siku hizi Novemba napiga kelele zangu usiku mmoja, kesho yake narudi kwenye daftari. (Tuzo za wengine huwa nazitazama kama mtu apitaye sokoni bila hela. Ila niseme tu kwamba Cal Raleigh wa Seattle, anayedaka mipira huku amechuchumaa mechi baada ya mechi na bado akapiga homurani 60, mimi ningempa yeye ile ya mchezaji bora wa American League badala ya Aaron Judge. Waandishi 13 walikuwa upande wangu, 17 wakawa upande wa pili.)

Makocha ndiyo mada inayowasha moto kwetu Waafrika Mashariki. Tumezoea: timu ikifungwa mbili mfululizo, kocha afungashe. Pirates nao walifanya hivyo. Mei 8, 2025, timu ikiwa imeshinda 12 na kupoteza 26, walimwondoa meneja, yaani kocha mkuu, Derek Shelton, wakamkabidhi msaidizi wake, Don Kelly. Kelly ni mtoto wa hapa hapa, kakulia vitongoji vya Pittsburgh, chuo kasoma mjini, na Pirates aliichezea 2007. Chini yake timu ilishinda 59 na kupoteza 65. Si haba ukilinganisha na ilikotoka, na msimu ulipoisha wakampa mkataba aendelee. Watu walinuna, wakataka jina kubwa kutoka nje. Mimi sikununa. Wachezaji wale wale, wapigaji wale wale, na mechi zikaanza kuwa za kugombaniwa. Alichoweza kufanya alikifanya.

Lakini swali la daftari linabaki pale pale. Baada ya msimu wa 2024 walimfukuza kocha wa upigaji, wakamleta Matt Hague, aliyewahi kuichezea timu hii mwenyewe. Majira yale ya baridi nilisikia sifa zake mpaka nikazikariri: anavyochambua mkao wa mpigaji, anavyotumia mashine, anavyoongea na vijana. Msimu ukaja, tukawa wa mwisho kwa pointi. Simlaumu yeye. Kocha wa upigaji akipewa watu wasio na nguvu mikononi, atawafundisha kukosa kwa ufundi. Tangu hapo habari za kocha msaidizi naziandika kwa mstari mmoja na kugeuza ukurasa.

Anayenitia wivu ni Pat Murphy wa Milwaukee Brewers. Wako kundi moja nasi, mji wao si mkubwa, na pesa zao si za Los Angeles. Walishinda mechi 97, na yeye akachukua tuzo ya meneja bora mwaka wa pili mfululizo. Ukiwatazama Brewers wanavyopata pointi utaelewa: wanatembea kwenda besi ya kwanza bila aibu kama mrushaji anakosa shabaha, wanaiba besi, yaani wanakimbilia besi inayofuata bila kungoja mpira upigwe, wanakimbia. Nguvu si nyingi ila hawaachi kukusumbua. Hilo ni jambo ambalo meneja anaweza kulijenga, na ndilo nitakalomdai Kelly msimu wa 2026.

Chipukizi ndio ukurasa ninaoupenda, na ndio wenye hatari kuliko yote. Kwa shabiki wa timu maskini, kijana wa miaka 19 ambaye bado hajakosea mbele yako ni mtamu kuliko mchezaji yeyote unayemjua. Kwa hiyo nimejiwekea utaratibu: simsifu chipukizi mpaka nimwone kwa macho yangu, na simkadirii kwa orodha za mitandaoni peke yake. Pirates wanalea vijana wao katika ngazi nne kuu za ligi ndogo: Bradenton kule Florida, Greensboro, Altoona, kisha Indianapolis. Bahati yangu ni kwamba Altoona iko Pennsylvania hii hii, mwendo wa gari usiofika nusu siku, na tiketi yake ni nafuu kuliko ya mjini.

Huko ndiko nilikomwona Konnor Griffin. Alichaguliwa wa tisa kwenye drafti ya 2024, zoezi la timu kuchagua vijana kwa zamu, akitokea shule ya sekondari kule Mississippi, na 2025 alipanda ngazi tatu ndani ya msimu mmoja. Jumla yake ilikuwa wastani wa upigaji wa .333, yaani mpira salama mara moja kati ya tatu, homurani 21 na besi 65 za kuiba. Uwanja wa Altoona una kitu cha ajabu: nyuma ya ukuta wa kulia kuna reli ya burudani ya mbao, ile ya kupanda na kushuka kwa kasi, mali ya bustani ya michezo iliyo jirani. Nilikaa upande wa besi ya tatu, nikaacha kutazama mpira na kumtazama yeye tu. Mrefu, miguu mirefu, mabega ya mtu mzima. Kilichonishika ni mpira wa kawaida aliopiga ukaviringika ardhini kuelekea kwa mlinzi. Kwa mwingine hapo ametolewa, hata mbio hakimbii kwa moyo. Griffin alikimbia mpaka mlinzi akaharakisha, akarusha vibaya, na kijana akasimama besi ya pili. Niliandika palepale: huyu analeta pointi.

Ukurasa huo huo una Waafrika. Nchi za huku kwetu hazina besiboli ya kutosha kujaza magazeti, lakini Pirates wana historia nasi. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini ndiye Mwafrika wa kwanza kucheza ligi kuu ya Marekani, Aprili 2017, akiwa na jezi ya Pirates. Mara yake ya kwanza kushika gongo alipiga mpira salama dhidi ya Jon Lester. Na sasa wana Mganda, David Matoma, mrushaji kijana mwenye mkono wa kasi. Waganda tunaofanya nao kazi wananiuliza habari zake kuliko za Skenes. Wao besiboli hawakuianza jana, maana watoto wa Lugazi walishacheza mashindano ya dunia ya Little League hapa Pennsylvania mwaka 2012. Matoma hapati alama ya swali langu, kwa kuwa ni mrushaji, na warushaji tunao. Nimempa ukurasa wake mwenyewe na kanuni nimeiweka pembeni.

Baridi hii ya 2025 kuingia 2026, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, swali langu limejibiwa na ofisi. Desemba walimchukua Brandon Lowe kutoka Tampa Bay, mtu aliyepiga homurani 31 mwaka 2025, kisha wakamsajili Ryan O'Hearn. Wote wawili wanapiga kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo mipira yao mirefu inaelekea kulia, na PNC Park, uwanja wetu, upande wa kulia ukuta uko karibu, futi 320 kwenye nguzo. Ni mrefu, futi 21, kwa heshima ya namba ya Roberto Clemente, nyota wetu wa zamani, lakini karibu ni karibu. Kumpata Lowe wametoa mrushaji kijana, Mike Burrows, na watu wanalia. Mimi nimetia alama mbili na kupiga mstari chini yake.

Kilichobaki ni ugomvi wangu na shemeji juu ya Griffin. Kuna kanuni kwamba timu ikimwanzisha msimu chipukizi wa daraja la juu namna hii, naye akachukua tuzo ya mchezaji mpya bora, inapewa nafasi ya ziada kwenye drafti. Shemeji anasema basi aanze siku ya kwanza, mtoto mkali hafichwi. Mimi nasema Altoona alikaa wiki chache tu, na msimu wa 2025 uliisha Indianapolis hajaigusa kabisa. Apelekwe huko Aprili na Mei, akutane na warushaji wazee wenye mipira ya kupinda, akosee mbele ya watu wachache. Tumewekeana dau. Akinishinda namtumia jezi ya kijana mwenyewe. Nikimshinda, ananitumia korosho za Mtwara, zilizobanguliwa, kilo tano, na nauli ya mzigo juu yake.