Vichekesho vya zamani na vifungo vya sare

Cherehani ikilia sisikii kitu, kwa hiyo michezo yangu ya redio naiweka akiba mpaka jioni, muda wa vifungo na pindo za mkono, pale kibandani kwangu karibu na Soko la Majengo hapa Dodoma. Huwa naipakua usiku, bando likiwa rahisi. Ni ya zamani kwelikweli: Lux Radio Theatre ya Marekani, iliyorushwa kuanzia 1934 hadi 1955, ikigeuza filamu kuwa mchezo wa saa moja.

Mimi nafuata vichekesho tu. It Happened One Night, filamu ya 1934, ilichezwa redioni 1939, na Clark Gable na Claudette Colbert wakaja wenyewe kwenye maikrofoni. Ila His Girl Friday ya 1940 ilibadilishiwa watu: Cary Grant na Rosalind Russell hawamo, wamo Fred MacMurray na huyohuyo Colbert. Haikunisumbua. Ile ni hadithi ya watu wa gazeti wanaodakiana maneno mwanzo mwisho. Macho ya nini?

Kinachoniudhi ni kicheko cha ukumbini. Walikuwa wakicheza mbele ya watazamaji, basi kuna mahali watu wanaangua kicheko na hakuna aliyesema neno. Kakunja uso? Kaangusha karatasi? Binti anayejifunza kazi kwangu huacha sindano.

"Kaka, wanacheka nini?"

"Hata mimi sikualikwa."

Pwagu na Pwaguzi wa Radio Tanzania hawakutufanyia hivyo. Wao walikuwa wa redio tangu mwanzo, kila kituko kilitufikia masikioni.

Halafu sabuni! Mchezo ukiisha, nyota wanabaki kupiga soga na mwenyeji, na Lux haikosi kusifiwa. Duka la jirani yangu linauza Lux mpaka leo. Mwenyeji aliyevuma zaidi, Cecil B. DeMille, aliacha kipindi 1945 kwa sababu ya dola 1: chama cha wasanii wa redio kilitaka mchango wa kampeni ya kisiasa, yeye akagoma. Fundi mwenzangu anasema mtu kama huyo tungempa uenyekiti wa soko.

Anayetaka kuonja, aanze na The Philadelphia Story ya Julai 1942. Grant, Katharine Hepburn na James Stewart wamo wote watatu, na kwa kuwa hadithi yenyewe ilianzia jukwaani, maneno yanajitosheleza.