Mei Mosi jikoni: siku ya somo wa kigango chetu, Bagamoyo

Kigango chetu, kanisa dogo la Kikatoliki chini ya parokia, kiko nje kidogo ya mji wa Bagamoyo, na somo wetu, yaani mtakatifu msimamizi, ni Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Mimi ni mama lishe, na upande wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, nimekabidhiwa jiko. Tarehe 1 Mei nchi nzima inapumzika, lakini kwetu sisi wa jikoni hiyo ndiyo siku ya kazi kuliko siku zote za mwaka.

Saa kumi usiku. Masika bado hayajaisha, mvua imenyesha na kukatika tangu jana jioni. Turubai tulilifunga mapema, na kuni katekista alituruhusu tuziweke kanisani, nyuma kabisa, zisilowe. Naanza na makumbi ya nazi maana yanashika haraka, halafu ndiyo kuni za mwembe. Sufuria ya kwanza ni ya chai ya tangawizi, kwa sababu mtu hawezi kumenya vitunguu usiku na tumbo tupu. Kina mama wanaingia mmoja mmoja, khanga kichwani, tochi za simu mkononi. Jumuiya zetu ni nne. Wakati wa novena, zile siku tisa za sala kabla ya sikukuu, kila moja ilileta kilo kumi za mchele pamoja na mafuta, vitunguu na viazi vyake, na mchele tulishauchambua.

Saa kumi na moja na nusu. Mzee jirani yetu anafika akitokea msikitini.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Haya, mbuzi wako wapi?"

Yeye ndiye mchinjaji wetu kila mwaka. Anawalaza mbuzi kuelekea kibla, anasema Bismillahi, kazi imekwisha. Hela hataki. Anakunywa chai, anauliza padre atafika saa ngapi na barabara hii, anaondoka. Vijana wanachuna.

Hapa niseme langu. Kila mwaka, kwenye kikao cha maandalizi, hakosi mtu wa kupendekeza kitimoto na bia, eti sikukuu ni yetu wenyewe. Nimekataa na nitaendelea kukataa. Nusu ya sufuria tunazopikia tumeazimwa na majirani Waislamu, na ndizo zilizopika pilau ya Maulidi. Watoto wao wanacheza na wetu uwanja mmoja. Sikukuu ambayo jirani anaisikia kwa spika tu, akapitiwa na harufu asiweze kula, mimi siiti sikukuu.

Saa moja na nusu. Nyama imeiva, supu ipo. Nakaanga vitunguu mwenyewe, sufuria zote tatu, kwa kuwa rangi ya pilau inatoka hapo: vikiwahi kutolewa pilau inapauka, vikizidi inakuwa chungu. Tangawizi na kitunguu saumu vilivyotwangwa, kisha bizari nyembamba, mdalasini, iliki, karafuu, pilipili manga. Nyama, viazi, supu. Tunafunika.

Saa tatu kasoro. Padre ameshafika, matope hadi magotini. Pikipiki aliiacha barabarani akatembea. "Tumsifu Yesu Kristo!" "Milele amina!" Kigango hakipati padre kila Jumapili, kwa hiyo akija hivi watu wanakuwa wamejaa hadi nje. Nanawa, nabadilisha nguo, navaa sare ya WAWATA. Jiko namwachia jirani yangu, rafiki wa tangu utotoni. Ameshakaa kwenye kigoda, mwiko mkononi, ushungi ameufunga nyuma.

"Nenda kasali, shoga. Mchele nitautia saa nne na nusu, makaa nitapalia."

Sina wasiwasi naye hata kidogo. Kwa kupalia pilau hapa mtaani hana mpinzani.

Misa. Injili ni ya Mathayo, pale watu wa Nazareti wanapouliza, "Huyu si mwana wa seremala?" Padre anaeleza kuwa sikukuu hii iliwekwa na Papa Pio wa 12 mwaka 1955, ili siku ya wafanyakazi iwe na msimamizi wake aliyeishi kwa jasho. Kisha anatuleta nyumbani. Mwaka 1868 wamisionari wa Roho Mtakatifu walivuka kutoka Zanzibar wakaanza misheni hapa Bagamoyo, na msalaba wa kumbukumbu umesimama ufukweni mpaka leo. Wakati huo soko la watumwa la Zanzibar lilikuwa bado linafanya kazi. Lilifungwa mwaka 1873. Wakristo wa mwanzo wa misheni ile walikuwa watumwa waliokombolewa, nao walifundishwa useremala, uhunzi na kilimo. Padre ananyamaza kidogo, halafu anasema: mtu aliyeuzwa kwa sababu ya nguvu za mikono yake, fikirini siku aliyotengeneza meza akaitwa fundi.

Nililia. Nilikuwa nimeushika mwiko wangu mapajani, kwa sababu kwetu siku hii kila mtu huja na chombo chake cha kazi.

Wakati wa matoleo tunaandamana navyo hadi altareni. Seremala na randa yake, mwashi na pimamaji, mkulima na jembe, mwalimu na boksi la chaki, bodaboda na helmeti, nesi na kipimo cha presha. Bibi mmoja msuka mikeka alibeba ukili wake ukiwa haujaisha. Padre ananyunyizia maji ya baraka, na matone mengine yanatuangukia usoni. Kwaya nayo haijapata kuimba vile.

Saa sita. Mnada. Kuku, mkungu wa ndizi, mananasi ya Kiwangwa. Nanasi moja linanunuliwa, linarudishwa mezani, linauzwa tena, na saruji ya sakristia, chumba cha padre kuvalia, inapatikana hivyohivyo. Nakimbilia jikoni. Shoga yangu anafungua sufuria: mchele umechambuka, punje na punje. Adhana ya adhuhuri inalia, anajifuta mikono, anakwenda kuswali, nami nashika upawa.

Saa saba hadi saa kumi ni kupakua tu. Wazee kwanza, watoto, wageni, majirani. Mzee mchinjaji tumemwekea sinia lake na wenzake kwenye jamvi, pembeni ya padre. Wagonjwa wasioweza kutoka tunawapelekea vyao majumbani.

Saa kumi na mbili jioni. Tunasugua sufuria kwa majivu. Chombo cha jirani hakirudi kitupu, kwa hiyo kila kimoja kinaondoka na pilau ndani, isipokuwa ile kubwa. Shoga yangu amesema ibaki kwangu mpaka Ijumaa, maana Jumamosi mwanawe anaoa na vitunguu vya harusi anataka nikaange mimi.