Mama alishika kamba

Wavuvi wa dagaa mbalamwezi ikiwa kali hawaendi ziwani, na mtu wa Igombe, huku kwetu Mwanza kando ya Ziwa Victoria, anajua hizo siku banda umiza, lile banda la kuangalizia mpira kwenye TV, linajaa mpaka watu wanachungulia dirishani. Ijumaa ya tarehe 19 Agosti 2016 ilikuwa hivyo hivyo, tena Man U wanacheza na Southampton saa nne usiku, Pogba ndo karudi, kwa hiyo mi nikaona hapa karanga zangu zitaisha mapema. Nilikuwa na miaka 15, nimekaa mlangoni na beseni langu.

Mpira ulikuwa bado, mwenye banda kaacha chaneli ya Olimpiki ya Rio. Fainali ya wotapolo ya wanawake, Marekani na Italia. Mwanzoni nilidhani handbol wameiweka kwenye maji, halafu nikaona hawa watu hawajasimama popote, yaani wako saba kila upande na hakuna anayekanyaga chini, robo nne za dakika nane nane miguu inazunguka tu huko chini na mpira unadakwa kwa mkono mmoja. Golikipa pekee ndo anaruhusiwa mikono miwili. Na golikipa wa Marekani, kofia nyekundu, alikuwa dada mweusi kama mimi.

Kuna mpira mmoja ulipigwa karibu kabisa na goli. Yule dada akatoka majini mpaka kiunoni, kama kuna mtu kamnyanyua kutoka chini, mikono yote juu, maji yanamchuruzika kwenye viwiko, akaudaka. Nilisimama, na karanga zikamwagika.

Fainali haijaisha mwenye banda akahamisha chaneli, nikambembeleza kaka acha kidogo tu, hakunisikia, banda zima linataka Manchester. Usiku ule ule nikamsumbua mtoto wa mjomba aliyekuwa form five atafute kwenye simu. Marekani 12, Italia 5. Dada anaitwa Ashleigh Johnson, mwanamke mweusi wa kwanza kwenye timu ya Olimpiki ya Marekani ya mchezo huo. Af akanisomea kitu kilichoninyima usingizi: mama yake ni Mjamaika, nesi, nyumbani kwao kulikuwa na bwawa, akaogopa watoto wasije wakazama ndo akawapeleka kufundishwa kuogelea.

Mi nilizaliwa hatua hamsini toka ziwani na nilikuwa sijui kuogelea. Mama alikataza. Mdogo wake alipanda MV Bukoba kuja Mwanza, ile iliyozama tarehe 21 Mei 1996, watu mamia, na mwili wake haukuonekana mpaka leo. Mama akienda pale Igoma kwenye makaburi ya wale wa meli anakaa tu, hajui aweke maua wapi. Watoto wa kiume aliwashindwa, walishaenda na wenzao, ila mimi mwisho wangu ilikuwa magotini, kuchota maji na kufua.

Jumamosi asubuhi mama alikuwa anachambua mchanga kwenye dagaa za wiki iliyopita. Nikakaa, nikachambua naye, nikamweleza habari za yule mama wa Jamaika vile vile nilivyosomewa, sikuomba kitu. Akanyamaza muda mrefu sana. Baadae akasema, "Kwa hiyo na yeye alikuwa anaogopa." Nikasema ndiyo mama. Akaendelea kuchambua, af akaniambia nikamwite mjomba.

Mjomba alikuja na dumu tupu la lita ishirini limefungwa vizuri na kamba ya wavu, dumu nikumbatie, kamba kiunoni kwangu, ncha nyingine akataka kuishika mwenyewe. Mama akamnyang'anya. Akakunja kanga akaingia, mama yangu ambaye sijawahi kumwona ziwani zaidi ya vifundoni akaingia mpaka mapajani, kamba kaizungusha mkononi mara tatu. Mjomba ananielekeza piga miguu, usiinamishe kichwa, nami nasogea, chini ikaniishia, nikatafuta mchanga kwa kidole nikakuta hamna.

Nikageuka. Mama macho kayafumba, midomo inaenda, anaomba, na kamba kaivuta mpaka inaniumiza mbavu. Nikamwambia mama legeza. Akafumbua macho, akaniangalia, akalegeza kidogo, kama urefu wa mkono hivi.