Majivu ya Mlima wa Mungu

Engaresero, Jumapili jioni

Kupanda kulinichosha tu. Kushuka ndiko kulikonimaliza. Magoti yanalalamika kila ninaposimama, na vumbi jeupe bado limeganda kwenye kucha. Nimekaa chini ya mgunga nyuma ya kambi, nautazama mlima wa volkano wa Ol Doinyo Lengai, yaani Mlima wa Mungu kwa Kimaa, lugha ya Wamaasai, uliotutesa usiku kucha. Una mita 2,962, karibu nusu ya Kilimanjaro, lakini Kilimanjaro una huruma ya njia za kuzungukazunguka. Huu unapandwa wima, juu ya majivu yaliyoshikamana kama saruji na kuchimbwa mifereji na mvua.

Tuliondoka saa sita usiku ili jua lisitukute mlimani. Kabla hatujaanza, kiongozi wetu, kijana wa Kimaasai wa hapa hapa kijijini, alichuma nyasi kidogo akazishika mkononi, akatamka maneno ambayo sikuyaelewa. Sikumuuliza papo hapo. Baadaye, tulipokuwa tumekaa tukihema, alieleza mwenyewe: "Dada, nyasi ndiyo ng'ombe, na ng'ombe ndiyo sisi. Huwezi kwenda kwa Engai mikono mitupu." Akanisimulia jinsi Engai, yaani Mungu, alivyowashusha ng'ombe kutoka mbinguni kwa ukanda mrefu wa ngozi, mpaka Mdorobo, mwindaji asiye na ng'ombe, alipoukata kwa wivu. Akaongeza kwamba mama yake, kabla ya kumzaa, alifika chini ya mlima huu pamoja na wanawake wenzake, wakaimba wakiomba watoto.

Kileleni kulikuwa kumepambazuka. Harufu ya kiberiti ilikaba koo, nami nikatambaa kuchungulia tundu. Ninayo picha moja ya volkano kichwani, ile ya moto mwekundu, na hapa haikunisaidia kitu. Chini kule palikuwa pakichemka kitu cheusi, chepesi, kikirushwarushwa kama oili chafu ya gari. Lava ya Lengai ina joto la nyuzi 500 hadi 600 tu, karibu nusu ya lava za kawaida, kwa hiyo mchana haing'ai. Hakuna volkano nyingine duniani leo inayotoa lava ya aina hii. Imejaa kaboneti za sodiamu na potasiamu. Kwa lugha ya jikoni, mlima unatapika ndugu wa magadi, yale tunayotia kwenye makande yalainike. Ikishapoa na kupata unyevu inageuka nyeupe, ndiyo maana kutoka mbali watu hudhani kilele kina theluji.

Nilichokuwa sijakitia maanani ni safari ya majivu yenyewe. Upepo wa huku huvuma zaidi kutoka mashariki, na kwa maelfu ya miaka umeyabeba majivu ya Lengai na ya volkano jirani hadi tambarare za kusini mwa Serengeti. Yalipolowa na kukauka yakafanya tabaka gumu chini ya udongo. Mizizi ya miti hupata shida kulipenya, lakini nyasi fupi zinastawi, tena zina kalisi na fosforasi tele. Ndiyo maana kati ya Januari na Machi nyumbu huja kuzalia Ndutu na sehemu za jirani: mama anayenyonyesha anahitaji madini hayo. Nikazifikiria zile nyasi mkononi mwa kijana. Sidhani kama mwanajiolojia angeweza kumsahihisha sana.

Ziwa Natron tulilipitia mchana, joto likitupiga usoni. Heroe wadogo, ambao wengi tunawaita flamingo, walikuwa mbali sana, mstari wa waridi tu. Karibu wote wa Afrika Mashariki huzaliwa katika ziwa hili, kwa sababu fisi na mbweha hawathubutu kuvuka yale matope ya magadi yanayochoma. Kwenye chemchemi za moto pembezoni nikaona perege wadogo wakiogelea bila wasiwasi. Mimi nilitumbukiza kidole kimoja, ikatosha.

Jioni hii kijana amenipeleka kwa bibi yake. "Takwenya," akanisalimu. "Iko," nikajibu, nikainamisha kichwa akanigusa utosini. Koko, ndivyo Wamaasai wanavyomwita bibi, anaukumbuka vizuri mwaka 2007. Julai ardhi ilitetemeka mpaka Arusha na Nairobi wakalisikia tetemeko, kisha Septemba mlima ukalipuka, majivu yakafunika malisho, watu wakahama na mifugo. Wamaasai wana Engai mweusi, wa mvua na neema, na Engai mwekundu, wa hasira. Mwaka ule, anasema, alikuwa mwekundu. Nilipomuuliza malisho yalikuwaje baadaye, akacheka, kisha mjukuu akatafsiri: mwaka ule walilia, siku hizi ng'ombe wanakula.

Halafu ikawa zamu yake kuuliza, na inaelekea ndilo swali analomuuliza kila anayeshuka: tundu limejaa kiasi gani? Kabla ya mlipuko ule lilikuwa limejaa hadi ukingoni, lava ikawa inamwagika nje tangu mwaka 1998, na hilo hajalisahau. Nikamwambia linajaa, ila ukuta bado ni mrefu. Akaniagiza nioneshe kwa mkono urefu wake, nikaonesha mti ule wa mbali. Akautazama mti, akamgeukia mjukuu wake wakaanza kujadiliana, kwa Kimaa, wapi ndama wapelekwe wiki ijayo.