Nilivyoiotesha thumamu ya jangwani hapa Fuoni

Wapitao mbele ya baraza yangu wanadhani lile fungu la majani magumu ni uchafu ulioachwa na fundi. Ile ni thumamu, jamani! Nyasi ya mchangani, inadumu miaka na miaka, kwao ni kuanzia Sahara na Arabuni mpaka Pakistani. Na hapa Fuoni imeshavuka masika.

Mbegu nilimwagiza mtoto wa ami yangu aliyeko Maskati. Karatasi za ukaguzi wa mimea zilinila muda kuliko pesa. Muuza miche mmoja akaniapia: "Sheikh, tia kinamo na samadi, mwagia asubuhi na jioni, utaniombea dua." Dua nilimwombea, ila si ile aliyoitaka. Kinamo kinashika maji. Miche ikawa manjano, ikalegea shingoni, ukiigusa inakuja yote mkononi na uvundo juu. Nyasi hii imezoea pahala ambapo mvua haifiki milimita 250 kwa mwaka. Unguja tunapata zaidi ya 1,500. Sasa unaimwagia ya nini?

Mbegu zilizobaki nikazitia kwenye ndoo kuukuu za rangi nilizozitoboa chini: kokoto, kisha mchanga mtupu niliopewa na jirani anayejenga. Samadi hata harufu. Jua la kutwa, na mvua zikianza naziburura chini ya upenu.

Lakini ujanja ninaojivunia ni wa kuifukia. Jangwani upepo unaimwagia mchanga na wala haifi. Vifundo vya shina vilivyofukiwa vinatoa mizizi, nayo inazidi kupanda. Basi upepo nikawa mimi. Nalilaza shina, nalimiminia mchanga kwa kikombe cha chai, naacha ncha tu nje. Mke wangu ananitazama, hasemi kitu. Baada ya wiki kadhaa nikafukua kwa vidole: vifundo vimeota mizizi, na mchanga umeigandia pande zote kama mguu uliovaa soksi. Tikisa utakavyo, hautoki. Mizizi inatoa ute, punje zinanasa, na ala hiyo ndiyo inayoikinga isikauke. Nikakata kifundo kimoja kimoja, kila kimoja ndoo yake. Habari ya mbegu ikaisha hapo.

Ukiitaka, njoo na kopo lako la mchanga, shina nitakupa bure. Ila zungushia wavu mapema. Kwao ni chakula cha ngamia, na mbuzi wa Fuoni wameshapata habari.